Darasa la Bure la Mama Alphonsine

Katika taxi-bus ya Likasi kwenda Kambove, mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa amepakata ubao mweusi. Fundi wa kuchomelea aliyekaa upande wake wa pili, dirishani, akamwuliza ni wa kazi gani.

"Minafundisha Kiswahili bale bantu ba Kasai banatafuta kazi ya siku pa Kambove. Ni bure, papa. Jina yangu Alphonsine."

"Bure! Unabafundisha kusema, kisha babebe kazi yetu?"

Mwaka wa tisini na mbili, kwenye gare ya treni ya Likasi, niliona majirani zangu wa Kasai wakipakiwa kwenye mabehewa, wakifukuzwa kwa maneno kama hayo. Nilifungua kinywa nimkemee, lakini mama alikwisha kuanza kucheka.

"Batabeba nini? Siku ya kwanza balikuya bantu makumi tatu. Nikaandika majina yabo yote, kama mwalimu. Beye bakazania ni liste ya embauche, ya kupewa kazi! Bakangojea camion ya kubapeleka ku kazi juma muzima. Camion haikukuya, njo bakakimbia."

Gari zima likacheka, hata mimi niliyewahi kungojea camion za kazi za namna hiyo.

"Sasa unabakia na bangapi?" fundi akauliza.

"Hata mumoja. Lakini kila siku saa kumi minafungua. Batoto yangu bote beko Lubumbashi. Ku nyumba hakuna mwenye kuniambia 'jambo, mama'. Bale balikuwa bananiambia 'jambo, mama', mumoja mumoja, makumi tatu."

Gari likasimama mbele ya kanisa la paruasi. Kwenye baraza ya darasa lake hapakuwa na mtu.

"Papa, haushuke na miye? Hata kwa kucheka tu."

Fundi akatazama dirishani. "Kiswahili minajua, mama."

Nami, niliyepiga kelele miaka thelathini kwa ajili ya wafanyakazi, nikakunja magoti tu, ili apite ashuke na ubao wake.