Chupa ya Mkojo wa Mtamba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na ninyi mlionisukuma nje ya mlango huu, damu ikinitoka kinywani katikati ya pambio. Mama mmoja alifuta benchi nililokalia. Mwanangu Kabula aliona. Nilirudi nyumbani Sapiwi nikishika meno kwa kiganja, maana yalikuwa yanacheza.

Ilianzaje? Mume wangu alipofariki, shamba alilishika mdogo wake, Masunga, huyu huyu mzee wa kanisa aliyeketi pale mbele. Ndiyo miaka ile soko limefunguliwa, wanunuzi wa pamba wanakuja na malori yao, kila mmoja na bei yake. Masunga akapanda pamba hadi mlangoni kwangu. Mpera akaung'oa, mchicha wa kisimani akaufyeka. Nikala ugali na matobolwa, vile viazi vya kukaushwa juani, mvua hadi mvua. Fizi zikavimba, miguu ikatoka madoa meusi. Masunga akatangaza hapa: "Ni ule ugonjwa. Msile naye!" Akamchukua Kabula.

Ndugu zangu, Mungu ana njia zake! Wakaja wataalamu zahanati, wanapima kwenye damu na mkojo vitamini C, ile nguvu ya matunda na mboga mbichi. Damu nilitolewa pale pale. Mkojo walitaka wa alfajiri, kwenye chupa nyeusi isiyopitisha mwanga. Masunga akasema ataipeleka yeye kwa baiskeli.

Siku ya majibu, dada wa maabara aliniangalia sana. "Mayu, mama yangu, damu yako ni tupu kama debe. Mkojo wako umeshiba! Huyu aliyekojoa humu anakula majani mabichi."

Masunga, aliyekuja kusikia nikihukumiwa, akajibu bila aibu: "Ni wa mtamba wangu, yule ng'ombe ambaye hajazaa. Mkojo wa watu wa mji wangu siwapi wageni, wakaturoge."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi sikucheka.

Nikatoa mwingine, wao wenyewe wakaupokea. Haukuwa na kitu. Na ule ugonjwa walipima: sina! Wakanipa vidonge vichachu, wakaniambia nile mapera na ndimu. Kila wakipima mkojo, mtupu. Mwili unameza vyote kama ardhi ya kiangazi. Siku vitamini ilipoonekana, yule dada alipiga kigelegele kwa ajili ya mkojo wangu. Fizi zikafunga. Meno yakashika.

Namshukuru Mungu aliyeniponya kwa pera. Mtumainini, ndugu zangu, hata akikufikieni kwa chupa ya mkojo.

Lakini wewe Masunga, kule zahanati ulisema kweli. Hapa, uliponichafua, hujafungua kinywa. Kabula ameketi ubavuni pako, sasa ni msichana mkubwa, na mpaka leo hali chakula cha mkono wangu. Sitaki ng'ombe. Sitaki pamba.

Simama, shemeji. Mwambie.