Theodory Aliyebaki Nje ya Geti

Kaeni chini jamani, mliosimama kwenye upepo sogeeni huku chini ya turubai, tegeni sikio, maana familia imesema historia ya ndugu yetu isomwe yote, na ile ya getini isirukwe.

Marehemu Theodory Mbonile alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Ilemba, mtoto wa tatu kwa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi, akaanza darasa la kwanza mwaka 1987 hapohapo Ilemba, akamaliza la saba mwaka 1993, akili ya kuendelea anayo ila hakuchaguliwa, akashika jembe, jembe nalo likamchosha, mwaka 1999 akatimkia Kasesya mpakani, akawa anapakia na kushusha malori ya Zambia, na huko ndiko mgongo wake ulikokomaa.

Tarehe 22 Novemba 2003 alifunga ndoa ya kanisani na Dominika, huyu hapa mbele yenu, Mungu akawajalia Valerian mwaka 2004, Edith 2008 na Tito 2013.

Mwaka 2010 aliajiriwa ukuli kwenye kiwanda cha kusaga mahindi hapa Sumbawanga, ajira ya kueleweka, yenye bima ya matibabu, na bima hiyo baadaye ikawa ndiyo roho yake, maana presha ilianza kumsumbua mapema. Kazini alipangwa pamoja na kuli mwenzake, Yonas. Asiyejua kazi ya kuli aelewe, gunia la mahindi hujitwishi mwenyewe, lazima mwenzako akuinulie, na wewe umwinulie, ndiyo maana makuli wa pale wanatembea wawili wawili, na wana sheria yao, mwenzako akizuiwa getini na wewe huingii, ukiingia ukashika gunia na mtu mwingine, utaitwa msaliti mpaka unaota mvi.

Agosti 2021 Uviko ulimchukua Mama Otilia, aliyekuwa akiwapikia makuli ugali, tukamzika tumesimama mbalimbali, na meneja, Bwana Suma, mtu wa Mbeya aliyekuwa anamwita mama kabisa, alilia mbele za watu, ndipo tarehe 4 Oktoba akatoa amri, asiye na kadi ya chanjo haingii kazini. Theodory alishachanja, tena wa kwanza, na alikuwa anawasumbua wenzake wachanje, anawatania kwamba mtu anayebeba gunia anaogopaje kisindano. Yonas akagoma. Kaka yake alichomwa sindano utotoni mguu ukapooza, hofu hiyo amekua nayo, basi akaomba kitu kimoja tu, apewe muda akamuulize daktari, akijibiwa atachanja. Bwana Suma akasema muda umeisha.

Asubuhi amri ilipoanza kutumika, pale getini malori yananguruma, mlinzi kashika komeo, Yonas nje, Theodory mguu mmoja ndani mmoja nje, kadi mfukoni, Bwana Suma anamwambia, "Theo, pita ndugu yangu, wewe huna kosa, nitakupa mwenza mwingine," naye akajibu, "Bosi, chanjo ni nzuri, mimi ninayo mwilini, ila mtu anaelekezwa, haswagwi kama ng'ombe kwenye josho, msikilize kwanza." Meneja akasogea karibu, akamuuliza, "Nimsikilize, halafu nizike mwingine? Mama Otilia nani alimsikiliza?" Theodory naye ugali wa yule mama alikuwa ameula, huku ndani makuli wanagombana, huyu anasema, "Ingia mshikaji, una watoto," yule anasema, "Aingie tumwone." Akarudisha mguu nyuma, akasimama ubavuni mwa Yonas, komeo likafungwa, Ijumaa wote wawili wakaachishwa kazi.

Dominika alimwambia kavukavu, "Baba Vale, umemchagua Yonas, dawa zako za presha sasa Yonas atazilipia?"

Novemba Yonas alimpata daktari wa kumwelewesha, akachanja, mguu mzima mpaka leo, akarudi kiwandani akapokelewa, akapewa mwenza mwingine na akamkubali. Theodory naye aliitwa, ila kwanza aombe radhi mbele ya makuli wote, akasema kuomba mtu asikilizwe si kosa, akabaki nyumbani. Mtaani wakasema ni kiburi, na familia haibishi sana. Akawa anabeba mizigo ya kuokoteza sokoni, dawa leo anazo kesho hana, ukimuuliza anakwambia poa tu, mpaka tarehe 17 Februari 2025 kiharusi kilipomwangusha, akalazwa, akaruhusiwa, akarudishwa, na tarehe 9 Juni 2025 jioni akafariki mikononi mwa mke wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliolala hapa na kupika, wanajumuiya, makuli wote, Yonas aliyeshinda na sepeto jana makaburini, na Bwana Suma aliyetoa gari la kubeba jeneza, leo Yonas na Bwana Suma mmekaa benchi moja, familia imewaona, kinyongo haina. Pumzika, Baba Vale, Mungu akupe amani.

Limebaki moja, na wanafamilia wamekubali lisemwe hadharani. Jana Bwana Suma alimwita Valerian pembeni, akampa nafasi kiwandani, bima juu, ya kwake na ya mama yake, ambaye sukari inamla kimyakimya, ila sharti asaini kwamba amri yoyote ya afya itakayotolewa pale ataitii siku hiyohiyo bila kuuliza swali, na jibu linatakiwa Jumatatu, mama anamwambia mwanangu nenda, kijana tangu asubuhi hajainua macho, wajomba wamegawanyika, basi wewe uliyekaa hapo, ungekuwa ndiye Valerian, ungesaini?