Kocha Asiyewahi Kufunga

Bwana asifiwe, wapendwa! Mnisamehe, nasoma kutoka kwenye daftari langu. Nikiwaangalia usoni maneno yatanipotea.

Ndugu zangu, mimi ni yule kijana mnene anayekaa nyuma karibu na mlango. Shuleni wananiita Kontena. Nilikuwa simwamini mtu. Kwetu, mtaa wa Muaither hapa Doha, tumelelewa hivyo: wakala alimwahidi Mama kazi ya mapokezi hotelini, akafika Doha akakuta ni kufua mashuka. Tangu hapo mtu akitutabasamia, tunajiuliza anataka nini.

Kisha akaja Kocha Wafula. Mnamjua, hata mlango wetu anaupita kwa ubavu. Akasema alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira kama yai, tena alilipwa kwa kazi hiyo kulekule Marekani. Akaniangalia mimi.

"Kijana, njoo uwanjani kule Lusail Jumamosi. Mazoezi ni bure."

Bure! Ndugu zangu, Doha hii nani anatoa kitu bure? Nilitafuta video zake. Timu niliiona, yeye sikumwona. Nikamwambia Mama, "Huyu ni wakala mwingine." Mama akatia pasipoti yangu kwenye mkoba wake, na mkoba akalala nao.

Ijumaa iliyofuata, maana hapa Doha ndiyo siku yetu ya kusali, baada ya ibada, tukinywa chai, nikasikia sauti yangu ikiuliza mbele ya wote: "Kocha, ulifunga mara ngapi?"

"Hata mara moja."

Mlicheka, msikatae! Anti Nekesa, wewe ulisema, "Aki Kocha! Sasa ulikuwa unalipwa kubeba chupa za maji?"

Alicheka kuliko sisi. Akatuonyesha vidole vilivyopinda kama tangawizi. "Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mwenye mpira, wapinzani wasimfikie. Mimi mpira sikushika. Wakimwangusha, uwanja mzima unanizomea. Wasipomwangusha, hakuna anayejua kama nipo. Miaka ikaenda hivyo, mpaka goti likakataa."

Hapo Mungu alinigusa. Yule wakala alikuja na sifa tele. Mwongo angejipa mabao mia! Huyu alikuja na sifuri, tena anaicheka.

Lakini Mama alikuwa bado ameshika mkoba. Kocha akamwona. "Mama, pasipoti kaa nayo. Njoo na kofia tu, jua la Lusail ni kali. Ukae utuangalie."

Jumamosi Kocha alinisimamisha mbele ya Kevo, mwembamba kuliko wote, ndiye mwenye mpira. "Kontena, songa!" wakapiga kelele wa upande wa pili, wakaja mbio. Sikusonga. Haleluya! Mwili niliokuwa nauficha karibu na mlango, waliugonga wakarudi. Nyuma yangu nikamsikia Kevo anacheka, mzima kabisa. Nikajua kuna aliyesimama mbele yangu hivyohivyo miaka yote, na sikuwahi kumwona. Asante Yesu!

Mama alikuwepo, kofia kichwani, mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Geukeni mwangalieni, hata sasa ameukumbatia. Mungu hajamfukuza kwa hilo.

Na wewe uliyewahi kudanganywa, njoo na mkoba wako. Ushike, hakuna atakayekuomba. Lakini njoo ukae, uangalie.