Nilipomwita Mkwe Wangu kwa Jina Lake

Nyie vijana mtakaosoma haya, shikamoo zenu nimezipokea. Sasa tulieni. Mnayapenda magari yenye vioo vya picha, na mie nayaogopa mpaka leo. Asifiwe sana Bwana aliyenitoa kwenye nondo!

Ndugu zangu, kwetu mama mkwe hakai kiti cha mbele na mume wa binti yake. Hamkemei. Wala jina lake halitaji. Ni Baba Fulani tu, basi. Nimelelewa hivyo, nami nikawalea wanangu hivyo.

Binti yangu Neema alijifungulia kwangu Mwananyamala. Uzazi ulipokwisha, mumewe akaja kumchukua yeye na mtoto wao Upendo, awapeleke kwao Mbweni. Nikaenda nao kumfikisha mjukuu. Ilikuwa ile miaka vitu vya Dubai vimeanza kumwagika madukani, na televisheni bado ni kitu kipya hata sebuleni. Baba Upendo alikuwa na gari la mtumba, na juu ya dashibodi kafunga kideo kidogo, kinakula umeme wa gari. Mie nyuma, mtoto mapajani, kimya kama mkwe.

Mvua ilikuwa inanyesha. Na siku hiyo kulikuwa na mpira. Tulipoacha nyumba nyingi nyuma, picha ikajaa chenga. Mkono mmoja usukani, mkono mmoja anazungusha antena.

"Baba Upendo, angalia barabara," Neema akamwambia.

"Barabara hii naijua kama sebule yangu. Hebu nishikie antena, Mama Upendo, hawa wanataka kufunga."

"Mie nishike antena, na usukani ashike nani?"

Akacheka. Neema naye akacheka, akaishika. Ndugu zangu, mie sikucheka! Nilikuwa nayaona macho ya Baba Upendo kwenye kile kioo kidogo cha mbele. Yanakwenda kwenye kideo, yanarudi barabarani, yanakwenda tena. Na hata yakirudi, mwenyewe hakurudi nayo. Akili imebaki kwenye mpira. Watu wanavuka, yeye anamwambia mchezaji apige! Nikaomba kimoyomoyo: Ee Bwana, mfungue macho huyu, maana mie mdomo wangu umefungwa.

Mara nikaona matawi ya miti yamelazwa barabarani. Mnajua maana yake: mbele kuna gari bovu. Tukayapanda, yakakwaruza chini ya miguu yetu, na yeye hata kichwa hakuinua! Mbele yetu lori limesimama, limebeba nondo, zimechomoza nyuma na kitambaa chekundu kilicholowa. Zinatujia usawa wa uso.

Ndugu zangu, hapo Bwana akaufungua ulimi wangu. Nikapiga kelele, "Elisha! Elisha, nondo!"

Kusikia jina lake kinywani mwangu, alishtuka kama aliyeitwa kutoka kaburini. Macho yakabanduka kwenye kideo. Breki! Gari likaserereka kwenye tope, likakaa upande, likasimama. Ncha za nondo zilikuwa zinagusa dirisha la Neema. Mtoto hakuamka. Na kile kideo kinaendelea kupiga kelele, watu wanashangilia goli. Hakuna aliyekumbuka kukizima.

Elisha akashuka, akapiga magoti kwenye tope mlangoni pangu.

"Mama, umeniita jina."

"Nimekuita. Na nitakuita tena."

Upendo sasa anasoma shule. Mie nikisikia watu wanashangilia goli, mikono bado inamtafuta mapajani. Na sasa magari yanashushwa bandarini vioo vimejengewa humo humo, nanyi mnajisifia! Naogopa, wanangu. Mnasema mnatupia jicho tu. Elisha naye alikuwa anatupia jicho tu.

Namshukuru Mungu wangu mchana na usiku. Mwaminini! Aliyeufungua mdomo wa mama mkwe hashindwi na lako. Mwendee leo, kabla hujayafikia matawi.

Nami siku ile tulipofika Mbweni, kabla ya chai, niliwakalisha wote nikawaagiza: gari la nyumba hii likiwaka, kideo kizimwe. Atakayekiona kimewashwa, awe mkwe, awe mtoto, heshima aiweke chini, amwite dereva kwa jina lake.