Mama Rudisha Hapelekwi Mbele

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo namkumbuka fundi cherehani, mjane, mama wa binti mmoja, na shabiki wa sinema za ngumi kutoka Asia. Narudia, maana nasikia wengine wameanza kucheka: shabiki wa sinema za ngumi. Mtaani walimwita Mama Rudisha.

Kabla ya mazishi alinipigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Aliongea kwa adabu. "Mtangazaji, ukimtaja, taja ushonaji wake na uvumilivu wake. Hayo mambo ya ukumbi wa video yaache. Si heshima kwa familia." Nikamjibu kwa adabu ileile kwamba nimesikia. Kusikia nimesikia. Kuyaacha, siyaachi.

Mama Rudisha alianza kwenda ukumbini mwaka aliofiwa na mumewe. Ukumbi wenyewe ni chumba cha mabati nyuma ya bucha. Una mabenchi, televisheni juu ya kabati, na pazia zito dirishani alilolishona yeye mwenyewe. Jumamosi mchana alifunika cherehani yake, akabeba mto wa kukalia, akaketi benchi la mbele katikati ya wanaume.

Shemeji akamfuata nyumbani. "Shemeji, mjane hakai gizani na vijana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu si hili hapa?" akajibu. "Jumamosi litakuwa ukumbini. Njoo ulikague."

Na Jumamosi lilikuwa ukumbini.

Alipenda nini kwenye sinema zile? Alipenda kuona mwili mzima wa mpiganaji, kutoka kichwani hadi kwenye nyayo. Alitaka kuona teke lilipotokea na lilipofikia. Picha zikianza kutikisika na kukatwakatwa, aling'aka: "Wananificha nini hawa? Hawajui kupigana!" Watu wanaopaa juu ya mapaa kwa kamba hakuwataka kabisa. Hakuwataka pia wale maadui kumi wanaomzunguka mtu mmoja halafu wanasubiri zamu, kama wamepanga foleni ya maji. Na shati la stelingi, yule mwigizaji mkuu, likichanika begani, kisha likaonekana zima, alisimama. "Fundi gani huyo kashona katikati ya vita? Nileteeni, nimpe kazi!"

Wenzake walimwambia kila siku, stelingi hafi. Naye akawauliza, "Kama hafi, mimi hapa naogopa nini?"

Lakini ugomvi mkubwa, wasikilizaji, ulikuwa juu ya mazoezi. Mnaijua sehemu ile. Mwanafunzi anabeba ndoo, anaanguka. Anafagia ua, anapigwa fimbo ya ufagio, anaanguka tena. Mwenye bucha ndiye mwenye ukumbi, na rimoti ilikuwa mkononi mwake. Mtaani tunamwita Peleka Mbele, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. "Watu wamekuja kuona ngumi, hawakuja kuona mtu akifagia!" Anabonyeza, mazoezi yanapita mbio.

Hapo ndipo sauti ya mama ilipotoka: "Rudisha!"

Ukumbi uligawanyika pande mbili. Upande wa Peleka Mbele walikuwa wote. Upande wa Rudisha alikuwa yeye peke yake. Na bado alishinda mara nyingi, kwani alisimama mbele ya televisheni kwa mwili wake wote, na hakukaa mpaka sinema irudishwe.

Binti yake ni muuguzi. Nilimuuliza binti huyo, mama yake alikuwa anatafuta nini pale. Akaniambia: "Mama alisema ngumi ya mwisho haina maana kama hukumwona mtu akianguka mazoezini. Na hata sinema zenyewe zilimuudhi. Miaka mitatu ya mazoezi wanaipitisha kwa wimbo mmoja! Alisema huo ni uongo mkubwa kuliko kupaa."

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, mkono wa mkasi, mkono wa kazi. Shemeji akaja na mkokoteni kuchukua cherehani. Alisema sasa ni wakati wa kupumzika, na chombo kisioze bure. Mama Rudisha akaweka mkono wa kushoto juu ya cherehani. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalitoka: "Huu bado haujaanza mazoezi."

Mkokoteni ukarudi mtupu.

Alianza upya kama mwanagenzi, akishona mistari kwenye karatasi bila uzi. Mistari ikapinda. Akatupa karatasi, akachukua nyingine. Siku moja Peleka Mbele alimpelekea supu, akamkuta anatunga uzi kwenye sindano. Haya ni maneno yake mwenyewe:

"Akajaribu, akakosa. Akajaribu, akakosa. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akanikata jicho lile la ukumbini. Nikakaa. Bucha imefungwa, wateja wanapiga simu, mimi nimekaa. Uzi ulipopita nilipiga kelele kama goli limeingia. Tangu siku hiyo, mazoezi yakianza, rimoti naiweka chini."

Baadaye Mama Rudisha alimshonea aproni ya bucha kwa mkono huo wa kushoto. Mshono umepinda. Peleka Mbele anaivaa hadi leo, na ole wako umwambie ainyooshe.

Sasa twende makaburini. Nilikuwepo. Shemeji alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akasoma, akaolewa. Kisha akasoma hivi: "Baada ya kufiwa na mumewe, marehemu aliishi kwa utulivu, hadi alipougua."

Nyuma ya watu ikatoka sauti nzito: "Rudisha!"

Alikuwa Peleka Mbele. Amevaa ile aproni.

Shemeji akakohoa. "Hadi alipougua..."

"Rudisha!" Safari hii walikuwa wengi, walewale waliompigia kelele miaka yote. Na mimi nilikuwemo, sifichi.

Shemeji akakunja karatasi. "Alikuwa anakwenda ukumbini," akasema.

"Rudisha!"

"Kila Jumamosi. Alikaa benchi la mbele." Akaitia ile karatasi mfukoni. "Nilimkataza. Akaenda. Nilikuja kuchukua cherehani yake. Akanikatalia. Akajifunza kushona upya, na mimi sikwenda hata siku moja kumtazama."

Hakuna aliyepiga kelele tena. Binti akamsogelea, akamshika bega. "Asante, baba mdogo," akasema. "Sasa peleka mbele."

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti, kwa baba mdogo aliyesema kweli mbele za watu, kwa Peleka Mbele na benchi lote la mbele: poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, mtazame mtu wako aliye hai hapo nyumbani. Siku moja huenda ukasimama kusimulia maisha yake. Usiparuke pale usipopapenda. Nyuma ya watu kutakuwa na mtu wa kupiga kelele, na asipokuwepo mwingine, nitakuja mimi.