Mwalimu Tom Hiribae, Mume wa Sabdio, Baba wa Gumato

Mwalimu Tom Hiribae, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Hiribae, alizaliwa Chara tarehe 14 Machi 1958, mto ukiwa umefurika, akasoma shule ya msingi huko huko hadi 1972, kisha sekondari na chuo cha ualimu, alikofuzu Desemba 1979.

Alianza kazi Bura mwaka wa 1980, akiwafundisha Kiswahili watoto wa wakulima wa mradi wa unyunyizaji maji, akahamia Garsen 1991, akastaafu 2018. Wanafunzi wake hawajasahau koma zake: maelezo yanayofuata jina, alisema, huzungushiwa koma mbele na nyuma kama zizi, “ukiacha upande mmoja wazi, ng'ombe wameingia shamba la jirani, na kesi ni yako.”

Tarehe 6 Desemba 1986 alimuoa Sabdio, fundi cherehani wa Bura, aliyekuja na binti wa miaka mitatu, Gumato. Kwenye kadi za mwaliko Mwalimu aliandika “mchumba wangu Sabdio”, naye bibi harusi, mwanafunzi wake wa ngumbaru, akauliza, “Bila koma, Mwalimu, kana kwamba una wachumba wengine? Kwani tuko wangapi?” Kadi zote themanini zilisahihishwa kwa mkono. Baadaye walijaliwa Komora na Salama.

Januari 2024 aliugua figo. Kwa kuwa historia nyingi za marehemu hapa Garsen zilipitia biro yake nyekundu, alitaka yake iandikwe mapema, aione. Kaka yake, mzee Jilo, akaandika kwamba itasomwa na Komora, kwa kuwa kwetu msomaji ni kifungua mimba, naye Gumato akawekwa mstari wa mwisho, “mtoto wa Sabdio”. Gumato, aliyekuwa akimnywesha baba uji, aliinamia kikombe. Mwalimu akaomba biro.

“We Tom, wasahihisha hata mazishi yako?”

“Hapa, kaka, nasahihisha uongo.”

Akaandika: Gumato, binti yangu wa kwanza, atasoma. Mzee Jilo akaisoma karatasi, akacheka, akamkabidhi Gumato. “Haya, mama, anza kujizoeza. Na usikimbie kwenye koma, atafufuka.”

Mwalimu alituaga tarehe 2 Mei 2025, alfajiri, Sabdio akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani walioleta kuni na mchele, na vijana wa bodaboda, waliobeba maji bila kuitwa.

Anayewasomea haya ni Gumato, binti yake wa kwanza. Baba, pumzika kwa amani.