Uzi wa Droni

Orisia alikaa nyuma ya dereva, basi dogo likielekea mji wa Izyum, karibu na mstari wa vita, chini ya nyavu zilizotandwa juu ya barabara kuzuia droni. Kando yake wazee wawili wasiojuana walikuwa wakibishana, kwa sababu mmoja wao, bibi, alifunga miche yake ya nyanya kwa uzi wa kioo ambao droni huuburuta nyuma ili iongozwe kwao.

"Bibi wee, unafungia nyanya uzi wa mauti!" alimaka mzee, aliyekuwa mpiga mizinga jeshini zamani. "Uzi umetapakaa shambani kama utando wa buibui," bibi alijibu. " Nifungie nini, ndevu zako?" Ndevu zenyewe, kwa kweli, zingetosha.

"Kombora letu lilikuwa kipofu, bibi. La leo, yaani droni, linakata kona, linachungulia dirishani, linakutazama usoni!"

"Lilinitazama mimi. Nikalipungia mkono, likaondoka. Aliyeliongoza naye ana mama."

"Siku hizi yanajiongoza yenyewe," mzee alinong'ona. "Hayana mama."

Orisia aliinua macho kuzitazama nyavu. Nyavu zikaishia hapo. Dereva akasimamisha basi, akazima injini ili wasikilize angani. Bibi akafungua dirisha polepole, akatoa mkono nje, akapunga, asijue anampungia nani.